Kuotesha ekinasia kwa mbegu: kuanzia friji hadi mzizi mkavu

Swali hurudi kila msimu: "Nimepanda mbegu za ekinasia wiki tatu sasa, namwagilia kila siku, mbona hakuna hata moja iliyochomoza?" Jibu nalo halibadiliki. Ama mbegu hazikupitishwa kwenye ubaridi zikiwa na unyevu kabla ya kupandwa, ama zilizamishwa kwa maji baada ya kupandwa. Mara nyingi ni yote mawili.

Watu hushangaa kwa sababu ekinasia, ua la kudumu linalotumika pia kama dawa, inasifika kwa ugumu wake. Ikishashika ardhi huvumilia baridi kali, jua la utosi na wiki kadhaa za ukame, na shina moja huishi miaka mingi likichipua upya kila msimu. Lakini ugumu huo hauzaliwi nao. Kwa wiki kumi za mwanzo mche wake ni dhaifu kama wa nyanya, na hukua polepole kuliko wa nyanya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya wiki hizo.

Chagua aina kabla ya kununua mbegu

Ekinasia ni ndugu wa alizeti na asili yake ni Amerika Kaskazini. Jina limetokana na neno la Kigiriki la kalunguyeye. Ukishika kitovu cha ua lililokauka utaelewa kwa nini. Aina zinazotumika kama dawa ni tatu: *Echinacea purpurea*, *Echinacea angustifolia* na *Echinacea pallida*.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na *purpurea*. Usingizi wa mbegu zake, yaani ile hali ya kukataa kuota hadi zipitie ubaridi, ni mwepesi kuliko wa hizo nyingine, mizizi yake ni ya nyuzinyuzi kwa hiyo inavumilia kuhamishwa, na majani, maua na mizizi yake vyote hutumika. *Angustifolia* na *pallida* zina mzizi mkuu unaozama chini kama karoti. Hazipendi kuhamishwa, na mbegu zake huhitaji wiki 8 hadi 12 za ubaridi pale *purpurea* inaporidhika na nne. Hatua zote hapa chini ni za *purpurea*.

Soma pakiti vizuri. Jina la Kilatini liwe limeandikwa lote, si "ekinasia" peke yake. Chotara zenye maua ya rangi ya machungwa, ya manjano au yenye petali za tabaka mbili ni za mapambo. Baadhi hazitoi mbegu kabisa, na zinazotoa hazizai watoto wanaofanana na mama.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vipimo hivi ni vya mimea 50, inayotosha kitalu cha mita za mraba 10.

- Mbegu gramu 1. Hiyo ni takriban mbegu 250. Utapanda 144, zinazobaki ni akiba ya kurudia ukiharibikiwa.
- Mchanga safi wa chengachenga, kikombe kimoja, wa kulazia mbegu. Usitumie mchanga wa baharini, una chumvi.
- Mfuko mdogo wa plastiki wenye zipu, na kalamu isiyofutika.
- Nafasi kwenye friji, sehemu ya kawaida, yenye nyuzi joto 1 hadi 5 za Selsiasi.
- Trei moja ya vishimo 72, vyenye kina cha sentimita 4 hadi 5 na matundu chini, pamoja na sinia ya kuiweka ndani yake.
- Mchanganyiko wa kuoteshea lita 4: sehemu mbili za mboji iliyoiva na kuchekechwa, sehemu moja ya udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga.
- Chupa ya kunyunyizia, mikasi midogo, kipimajoto.
- Kwenye kitalu: mboji kilo 20 hadi 30, na matandazo ya nyasi kavu au majani makavu.

Kabla ya yote, hesabu tarehe. Wiki 4 za friji, wiki 2 hadi 3 za kuota, wiki 8 za kukuza miche: jumla wiki 14 au 15. Shika siku unayotaka kupandikiza, yaani mwanzo wa mvua, au baada ya baridi ya jalidi kwisha kama uko kwenye majira ya baridi kali, kisha hesabu kurudi nyuma. Wengi hununua mbegu mvua ikiwa imeshaanza, wakaishia kupandikiza miche wakati wa kiangazi.

Hatua za kazi

1. Kagua mbegu. Mbegu nzima ina urefu wa milimita 3 hadi 5, pembe nne, rangi ya maziwa iliyopauka na mara nyingi utepe wa kahawia upande mmoja. Ibonyeze kwa ukucha: iliyojaa ni ngumu, tupu inabonyea kama pumba. Tupa tupu. Usizijaribu kwa kuzielesha majini, maana mbegu hizi ni nyepesi na hata nzima huelea.

2. Ziloweke saa 12. Maji ya kawaida, usiku mmoja unatosha. Asubuhi zichuje kwa kitambaa. Usizidishe siku moja, zitaanza kukosa hewa.

3. Zichanganye na mchanga wenye unyevu. Sehemu moja ya mbegu kwa sehemu tatu za mchanga. Unyevu ndio siri ya hatua hii: chota mchanga mkononi, ukamue kwa nguvu. Ushikamane, na lisitoke zaidi ya tone moja au mawili. Ukitiririka, ongeza mchanga mkavu. Ukimeguka papo hapo, nyunyiza maji kidogo. Tia kwenye mfuko, acha hewa kiasi ndani, funga, andika jina na tarehe.

4. Ilaze kwenye friji wiki nne. Weka mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha. Kila wiki fungua mfuko kwa dakika moja hewa iingie, utikise, uangalie kama kuna ukungu au mbegu iliyoanza kutoa mzizi.

Makosa mawili yanaua kazi hapa. La kwanza ni kuweka pakiti kavu kwenye friji na kudhani umemaliza. Mbegu kavu haisikii baridi kwa namna inayotakiwa. Mabadiliko ya ndani yanayovunja usingizi hutokea tu ikiwa imenyonya maji. Friji kavu ni ghala zuri la mbegu, basi. La pili ni kutumia friza. Maji yakiganda ndani ya mbegu iliyolowa, kiini hupasuka.

Je, kuna watu wanaopanda *purpurea* bila ubaridi wowote ikaota? Wapo. Pakiti nyingine hutoa nusu, nyingine moja kwa kumi, na zinazoota huchomoza kwa kupishana wiki hadi wiki, hivyo unabaki na trei yenye miche ya umri tano tofauti. Wiki nne za friji hazikugharimu kitu. Kama unaishi penye majira ya baridi ya kweli, unaweza kuzipanda kwenye trei nje mwishoni mwa vuli na kuziacha zipigwe na baridi ya asili, mradi panya na ndege wazuiwe kwa wavu.

5. Tayarisha mchanganyiko, na uuchemshe. Ugonjwa wa kinyausi, ule unaokata mche kwenye shingo ukaanguka, hukaa kwenye udongo na mboji isiyoiva. Lowesha mchanganyiko kidogo, utie kwenye sufuria pana, funika, upashe moto hadi katikati kipimajoto kisome 80, na ukae hapo nusu saa. Usizidishe sana, udongo uliopikwa kupita kiasi hutoa sumu zinazochoma mizizi michanga. Asiye na njia hiyo amwagie maji yanayochemka mara mbili, aache ipoe na ichuje maji yote. Trei ya zamani isuguliwe kwa sabuni kwanza.

6. Panda. Jaza vishimo, gonga trei mara mbili mezani udongo ushuke, jazia tena. Weka mbegu mbili kila kishimo, kisha zifunike kwa milimita 3 tu za mchanga laini au vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika unyevu). Huhitaji kuzitenganisha na mchanga wa friji kwa ukamilifu, vinaweza kwenda pamoja. Kina ndicho kinachoangusha wengi: mbegu hii hufaidika na mwanga kidogo, na ikifukiwa sentimita 1 huchelewa au haitoki kabisa.

Kwa nini mbili? Kwa mbegu zinazoota 60 kwa 100, kishimo chenye mbegu mbili kina nafasi ya 84 kwa 100 kupata angalau mche mmoja. Trei ya vishimo 72 itakupa karibu 60, ukipoteza kumi njiani unabaki na 50 zako.

7. Joto, maji, mwanga. Weka trei penye nyuzi 20 hadi 24. Chini ya 15 zitakaa kimya, juu ya 30 baadhi hurudi usingizini. Mwagilia kutoka chini: tia maji sentimita 1 kwenye sinia, acha dakika 20, udongo wa juu ukibadilika rangi mwaga yaliyobaki. Rudia pale tu udongo wa juu unapoanza kupauka, si kwa kufuata kalenda. Ukifunika kwa plastiki kuhifadhi unyevu, iondoe siku ileile mche wa kwanza unapochomoza.

Tarajia ya kwanza siku ya 7 hadi 10, nyingi kufikia siku ya 20. Zikitoka zipe mwanga mwingi mara moja. Dirisha lenye jua la upande mmoja huzaa miche mirefu iliyopinda. Ukitumia taa, iweke sentimita 10 hadi 15 juu ya miche, saa 14 hadi 16 kwa siku.

8. Punguzia na lisha. Majani mawili ya kwanza ni madogo, laini, ya mviringo. Yanayofuata, ndiyo majani ya kweli, yana manyoya magumu na mishipa inayoonekana wazi ikienda kwa urefu. Mche ukiwa na jani hilo la pili la kweli, bakiza mmoja kila kishimo. Kata ule dhaifu kwa mikasi. Ukiung'oa utachomoa na mizizi ya mwenzake.

Wiki ya nne baada ya kuota anza mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki. Mche wa ekinasia huonekana umesimama kwa wiki tatu nzima huku ukijenga mizizi chini. Usiuongezee mbolea kwa sababu ya haraka yako.

9. Izoeshe nje. Miche ikiwa na majani manne au matano ya kweli, siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, itoe nje. Siku ya kwanza saa mbili kivulini, kesho saa tatu, kisha jua la asubuhi, hadi ilale nje. Ukiiruka hatua hii majani huungua na kuwa meupe kama karatasi. Mche hupona, ila unapoteza wiki mbili au tatu.

10. Andaa kitalu. Jua kamili, angalau saa 6 kwa siku. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 7. Kuhusu rutuba usijisumbue sana, udongo wa kawaida unafaa. Kuhusu kupitisha maji usilegeze. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama mara ya pili yamebaki zaidi ya saa nne, nyanyua tuta la sentimita 20, la sivyo utapoteza mimea msimu wa mvua nyingi. Changanya mboji kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba kwenye sentimita 20 za juu. Samadi mbichi usiiguse: huleta majani mengi, shina laini linaloanguka, na kama lengo lako ni mizizi unakuwa umelisha upande usiofaa.

Palilia magugu ya kudumu hadi mizizi kabla ya kupanda. Ukishapanda, kuchimbua magugu yenye mizizi mirefu katikati ya ekinasia ni kuzichimbua na zenyewe.

11. Pandikiza. Chagua jioni au siku ya mawingu. Sentimita 40 kati ya mche na mche, 50 kati ya mstari na mstari. Chimba shimo lenye kina sawa na bonge la udongo la mche, basi. Shingo ya mmea, pale majani yote yanapokutana juu ya mizizi, ikae sawasawa na uso wa ardhi. Ukiizika hata sentimita mbili, maji hukaa ndani yake na inaoza. Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la friji, na ubaya wake ni kwamba halionekani mapema: mmea hupendeza miezi mitatu, kisha mvua kubwa inakuja na unaushika mkononi ukiwa hauna mizizi.

Bana udongo kwa vidole, mwagilia nusu lita kila mche. Tandaza matandazo ya sentimita 5, ukiacha duara tupu la sentimita 5 kuzunguka shingo.

12. Mwaka wa kwanza. Lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, ukihesabu na mvua humo. Gawa mara mbili, si kidogokidogo kila siku, ili mizizi iyafuate maji chini. Baada ya miezi mitatu au minne punguza. Mwagilia tu majani yanapolegea asubuhi. Kulegea saa nane mchana ni kawaida, hakuhesabiwi.

Baadhi ya mimea hujaribu kutoa ua mwaka huohuo. Kama unalenga mizizi, likate likiwa tumba. Konokono hupenda majani machanga kupita kiasi. Wawinde usiku kwa tochi wiki mbili za mwanzo, mimea ikishakomaa hawatakuwa tatizo.

Kuhusu maua na urefu wa mchana

Pakiti nyingi huandika "huchanua mwaka wa pili" na kuishia hapo. Kinachoachwa ni kwamba *purpurea* huhesabu urefu wa mchana. Huchanua vizuri mchana unapokuwa wa saa 13 hadi 15. Karibu na ikweta, ambako mchana hauondoki sana kwenye saa 12 mwaka mzima, mmea unaweza kubaki fungu la majani chini kwa muda mrefu ukiwa na afya tele. Si ugonjwa na mbolea haitausaidia.

Ukitaka maua mahali kama hapo, katiza usiku: washa taa juu ya mimea kwa saa nne katikati ya usiku, kuanzia saa nne hadi saa nane, kila siku kwa wiki kadhaa hadi matumba yaonekane. Haihitaji taa kali, iliyo kali kiasi cha kusomea inatosha. Kwa kitalu kikubwa ni usumbufu mtupu, kwa vyungu kumi barazani inawezekana. Anayelenga majani na mizizi hana haja nayo.

Kuvuna

Majani na maua huvunwa kuanzia mwaka wa pili, mimea inapochanua. Kata asubuhi umande ukishakauka, sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, ukiacha majani ya chini yalishe mizizi. Usichukue zaidi ya theluthi mbili ya shina za mmea mmoja.

Mizizi husubiri mwaka wa tatu au wa nne. Ichimbe majani yakishakauka na mmea umelala, maana ndipo nguvu yake iko chini. Chomeka uma wa bustani sentimita 25 kutoka kwenye shina, pande zote, kisha nyanyua. Kata shingo vipande vyenye chipukizi mbili au tatu na uvirudishe ardhini siku hiyohiyo. Hizo ni mimea mipya isiyohitaji friji wala trei.

Osha mizizi upesi kwa maji yanayotiririka, usiiloweke. Minene ipasue kwa urefu. Hapa watu hupenda kuponda au kusaga ikiwa mibichi ili ikauke haraka, usifanye hivyo. Mmea mbichi ukipondwa, vimeng'enya vyake hupata nafasi ya kuvunja asidi ya kikoriki, mojawapo ya kemikali zinazotafutwa. Kausha kwanza, ponda unapotaka kutumia. Anika kivulini penye upepo, au kwenye kikaushio kisichozidi nyuzi 40. Mzizi umekauka unapovunjika kwa mlio, ukipinda, bado. Kilo moja ya mizizi mibichi hubaki robo hadi theluthi yake. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, gizani, na tumia ndani ya mwaka.

Tafuna kipande kidogo kujipima. Mzizi mzuri huuchonyota ulimi na kuutia ganzi kidogo kwa dakika chache. Mzizi usiochonyota chochote umepitwa na wakati, umekaushwa kwa joto kali, au si ekinasia.

Matumizi si mada hapa, lakini tahadhari ni lazima. Ushahidi kwamba ekinasia huzuia au hufupisha mafua ni hafifu na unapingana. Wenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti wanaweza kudhurika. Wenye kifua kikuu, Virusi vya UKIMWI, maradhi ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, na waliopandikizwa kiungo wasiitumie bila daktari. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha vilevile. Anayemeza dawa yoyote kila siku aulize kwanza.

Mambo yanapoharibika

*Kuna ukungu kwenye mfuko wa friji.* Mchanga ulikuwa na maji mengi. Toa mbegu, zioshe kwenye chujio, badilisha mchanga na mfuko, endelea pale ulipofikia. Ukungu wa juujuu hauui mbegu nzima.

*Mbegu zimetoa mzizi zikiwa bado kwenye friji.* Zipande leo, hata kama ni wiki ya tatu. Zishike kwa kibano upande wa ganda, mzizi ukikatika mbegu imekwisha.

*Siku 25 zimepita, trei tupu.* Fukua vishimo vitatu. Mbegu iliyo laini na inayonuka imeoza: maji mengi. Ikiwa bado ngumu, iko usingizini. Funga trei nzima kwenye plastiki, irudishe kwenye ubaridi wiki nne nyingine, kisha kwenye joto. Usiimwage kabla ya kujaribu hivyo.

*Miche inaanguka, shingo imekonda kama uzi.* Kinyausi. Aliyeanguka haponi. Ondoa vishimo vilivyoathirika pamoja na udongo wake, acha uso wa udongo ukauke, ongeza upepo, nyunyiza mchanga mkavu mwembamba kuzunguka shingo za waliobaki.

*Miche mirefu, myembamba, imepauka.* Mwanga hautoshi. Ongeza mwanga, shusha joto hadi nyuzi 18. Usiizike shingo ili kufupisha kama ufanyavyo kwa nyanya.

*Majani ya zambarau kwenye mche.* Mara nyingi ni baridi, mizizi inashindwa kunyonya fosforasi. Pasha joto kabla ya kukimbilia mbolea. Tahadhari: shina la zambarau peke yake ni rangi yake ya asili.

*Unga mweupe juu ya majani.* Ubwiri unga. Huja mimea ikibanana na hewa ikikosa kupita. Kata majani yaliyozidi, mwagilia chini tu. Mmea uliokomaa hauuawi nao, ila majani hayo usiyakaushe kwa dawa.

*Maua yamebaki ya kijani, yamejikunja, vijimajani vinachipua kwenye kitovu.* Huu ni ugonjwa wa manjano ya asta, unaoletwa na vijidudu vinavyosambazwa na wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye majani. Hauna dawa. Ng'oa mmea mzima na mizizi yake leo, usisubiri uone kama utapona, kwa kuwa kila siku unayoongeza ni chanzo cha kuambukiza mingine. Kama ni vishungi vidogo tu juu ya kitovu na petali ziko sawa, huenda ni utitiri. Kata ua hilo na uliangamize, mmea ubaki.

*Mwaka wa pili mashina yanalala chini.* Kivuli au nitrojeni nyingi. Simamisha kwa vijiti msimu huu, acha mbolea msimu ujao.

*Mbegu nilizokusanya mwenyewe ni tupu.* Ekinasia haijichavushi. Mmea mmoja peke yake hutoa pumba; panda angalau mitano karibu, na nyuki wawepo. Subiri kitovu kiwe cheusi na kikavu kabisa, wiki kadhaa baada ya petali kuanguka, na uvae glavu unapokifikicha.

*Mmea umetoweka baada ya baridi au kiangazi.* Sehemu ya juu hufa yote na mzizi hulala. Ndiyo maana kila shina liwe na kijiti cha alama. Huchelewa kuchipua kuliko mimea mingine ya kudumu, kwa hiyo usichimbe kuangalia hadi wiki sita za joto na unyevu zipite. Baada ya hapo fukua kidogo kwa kidole: shingo ngumu yenye vichipukizi vya rangi ya waridi iko hai, shingo laini iliyogeuka nyeusi imeoza.